Kilo Nane Nilizomwongezea Mtoto wa Watu

Mwanangu Wambui,

Sikuulizi hali, maana saa moja iliyopita nimekuona umelikalia sanduku ili zipu ikubali kufunga, na hali yako naijua: una furaha mpaka chakula hukioni. Umesema unaruka Bur Dubai mara moja kutafuta glavu na utarudi kabla ya Magharibi. Mimi nimebaki hapa Karama kwenye kijichumba chetu cha mbao. Nimeketi kwenye kitanda chako, nikasimama, nikaketi tena. Nimevipanga viatu vyangu, kisha nikavipangua. Joyce wa chumba cha pili ameniuliza kama ninaumwa na tumbo.

Mambo ya soksi, ya dawa ya kikohozi na ya kusali kabla ya kulala tumeyamaliza, na yaliyobaki utayafanya upendavyo hata nikiyaandika kwa wino mwekundu. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumanne.

Ulirudi na mkataba mkononi, ukatusomea jikoni. Kumbe huko Austria hawatakuweka kwenye kusafisha vyumba kama kwenye hoteli yako ya hapa Al Jaddaf. Watakuweka kwenye duka la hoteli la kukodisha skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Utawapimia wageni viatu na kuwajazia fomu: umri, urefu, uzito. Nilikwambia uwe mwangalifu na hizo fomu. Ukacheka. "Mum, relax. Mimi siwezi kuharibu kazi kama yule Auntie Prossy wako." Joyce akauliza Prossy ni nani, nawe ukamsimulia yote: yaya wa Uganda niliyekuwa nikifanya kazi naye, aliyeandika uzito wa uongo kwa uvivu wa kupima, mtoto wa tajiri wetu akavunjika mguu mlimani, naye Prossy akafukuzwa. Ulisimulia vizuri. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu, nikawapa mgongo mpaka vikaungua.

Wambui, hadithi ile niliitunga mimi. Tangu Jumanne sijalala vizuri, na leo nimeona heri uondoke ukiwa umenikasirikia kuliko uondoke ukimcheka mtu asiye na hatia. Sasa nitakwambia ilivyokuwa.

Unakumbuka niliajiriwa kwa ajili ya Hamudi, kitinda mimba wa nyumba ile. Yaya aliyenitangulia alirudishwa kwao kwa sababu mtoto alikonda mikononi mwake. Hilo niliambiwa siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa pa kulala. Hamudi alikuwa mtoto wa kupendeza, mwenye maneno mengi, lakini chakula alikichukia. Wali alikuwa akiuficha mfukoni. Yai alimpa paka. Nami nilitoka Ol Kalou, mahali ambapo mtoto akikonda majirani hawamwangalii mtoto, wanamwangalia aliyemlea. Wewe mwenyewe nilikunenepesha kwa uji na viazi mpaka nyanya yako akasema nakuandaa kwa maonyesho ya kilimo.

Madam alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi aliniuliza, "Kilo ngapi leo?" Mimi ndiye niliyempima Hamudi, bafuni, mlango umefungwa. Alhamisi ya kwanza nilisema kweli, akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Ya pili nikaongeza kilo moja. Akatabasamu. Unajua ugonjwa wa uongo mdogo: haukubali kubaki mdogo. Ilipofika majira ya baridi ya mwaka wa tatu, Hamudi alikuwa na kilo ishirini na mbili bafuni, na thelathini sebuleni. "Thelathini, madam, mashallah." Madam alijivuna kwa dada zake kwamba amempata yaya wa Kikenya anayejua kulisha.

Kila mwezi wa kumi na mbili familia ile ilikwenda Milima ya Alpi kuteleza kwenye theluji, nasi tulibebwa pamoja na masanduku. Prossy alikuwa wa mapacha, mimi wa Hamudi. Tulilala chini ya hoteli, chumba kimoja kisicho na dirisha, karibu na mashine za kufulia. Nilidhani baridi naijua, mimi mtoto wa mahali ambapo sakitu huunguza viazi shambani. Wapi! Ile ya kule ilinitoa machozi nisiyoyalia.

Ile picha yangu uliyoipeleka shuleni, nimesimama na koti jekundu na miwani mikubwa, milima nyuma yangu, nilivaa koti la madam wakati alipokwenda kula. Prossy ndiye aliyenipiga picha. Dakika mbili, kisha nikalirudisha kwenye msumari. Sikuwahi kuvaa skii hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kubeba za watoto, kungoja chini ya lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, kupangusa makamasi, na kubeba tena. Sikukwambia. Ulinijibu kwamba marafiki zako wote wanataka mama kama wako, na nikaona utamu wake. Sasa nahofia umekuwa ukiifuata picha ile miaka yote hii. Ukifika, usishangae kama mlima hautafanana nayo.

Lakini sitaki udhani hatukucheka kule. Siku moja watoto walipokuwa na wazazi wao, Prossy aliiba sinia kubwa jikoni, tukaenda nyuma ya hoteli pale wanapomwaga majivu. Akaketi mbele, mimi nyuma nimemshika kiuno, wanawake wazima wawili. Tulishuka mteremkoni kama gunia la viazi lililofunguka. Kiatu chake kimoja kilipotea, tukakitafuta kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi, huku tukicheka hatuwezi hata kuongea. Vijana wa kazi za msimu waliokuwa wakivuta sigara kwenye mlango wa jikoni walitupigia makofi. Walikuwa waosha vyombo, lakini wakitoka kazini mlima ulikuwa wao, nao wakiteleza. Niliwaonea wivu. Niliposikia kwamba nawe unakwenda kuwa mmoja wao, niliwakumbuka, nikafurahi kwa dhati. Hilo sijalitunga.

Siku mbili baada ya sinia, tulimpeleka Hamudi dukani kukodi skii. Madam alibaki nje na kikombe chake cha kahawa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napambana na kiatu, maana vile viatu vya skii ni vigumu kama ndoo, na Hamudi alikuwa akipiga mateke. Prossy akashika kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, wa shule ya masista. Akasoma, "Uzito?"

Nikasema, "Thelathini."

"Mama Wambui, huyu si thelathini. Mimi nilimbeba juzi. Ni mwepesi, bambi, maskini wa Mungu."

Mizani ilikuwa pale pale ukutani, hatua tatu. Kijana wa duka, uso umeungua na jua ukabaki weupe machoni tu, alituonyesha kwa kidole. Nami nilimwona madam kupitia kioo, anakaribia mlango. Nikafikiri: mtoto akipanda ile mizani, namba itatokea mbele ya watu, na Alhamisi zangu zote zitatokea nayo.

Nikamwambia, "Andika thelathini, Prossy. Madam mwenyewe anajua. Yalla, tunachelewa."

Akaandika. Kijana akaikaza skrubu kulingana na karatasi. Mimi sikujua maana ya ile skrubu, na hilo nimejitetea nalo miaka sita. Wewe utafundishwa wiki ya kwanza: kifungo kinachoshika kiatu hupangwa kwa uzito, ili mtu akianguka skii iachie mguu. Ukimwongezea mtoto kilo, skii haiachii. Ni kweli sikujua. Lakini nilijua kwamba ninasema uongo, na nilijua mahali mizani ilipo.

Hamudi alianguka kabla ya saa sita mchana, anguko dogo tu, la kijinga. Skii ikang'ang'ania. Nilikuwa chini nangoja, nikamsikia. Ananiita mimi, si mama yake. Ile sauti naisikia hata ninapopiga pasi mashati ya watu, ndiyo maana wakati mwingine unanikuta nimesimama kazini kwa dobi na pasi hewani.

Usiogope, alipona. Ana miaka kumi na minne sasa, anacheza mpira. Mifupa ya watoto ina huruma.

Hospitali walimpima. Jioni sir na madam walituita chumbani kwao, sisi wawili tumesimama, karatasi ya duka iko mezani. Sir alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko makelele. Akasema hospitali imeona ishirini na mbili, hapa pameandikwa thelathini. Madam akauliza, "Who wrote this?"

Prossy akasema, "Ni mwandiko wangu, madam. Lakini..."

Akanigeukia. Wambui, alikuwa ananipa nafasi. Hakutaka kunichongea, alitaka niseme mwenyewe. Nilikuwa nimeshika soksi za Hamudi, zimelowa. Nikaziangalia. Nikazikunja vizuri, moja juu ya nyingine. Madam hakungoja. "Khalas," akasema, imekwisha, na ikawa khalas.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia, na kila mara najipa jibu zuri: nilikufikiria wewe, ulikuwa kidato cha pili, nyanya yako hawezi kulima. Ni kweli nilikufikiria. Lakini Prossy naye alikuwa na wanawe watatu, na usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumewaombea wote kwa majina. Jibu la kweli ni kwamba nilipenda kuwa yaya anayejua kulisha. Nilipenda lile tabasamu la Alhamisi. Nilimtoa mwenzangu kafara ili nisionekane nilivyo. Nilikuwa mwoga, basi, sina neno jingine la kulipamba.

Siku nne zilizobaki tulilala chumba kimoja bila neno. Tuliporudi Dubai viza yake ikafutwa. Nilimbebea begi mpaka getini, nikitumaini atanitukana. Aliniambia tu, "Ulimi ulikuwa nao, hukukatwa." Akaingia kwenye gari.

Mimi nikabaki, na nikasifiwa. Madam alinipa watoto wote wanne, nikawalea mpaka walipokua, ndipo nikaja kwenye hii kazi ya dobi. Ulipomaliza kidato cha nne, sir ndiye aliyetusaidia na karatasi za kukuleta, kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa kuaminika. Nilikupokea uwanja wa ndege ukiwa na sweta la shule, na nilikuwa na furaha. Ulipouliza Auntie Prossy yuko wapi, yule aliyekuwa akikuimbia kwenye simu siku zako za kuzaliwa, nilikujibu kabla sijafikiri. "Alikuwa mzembe." Neno moja. Ukauliza alifanya nini, nikakutungia yaliyobaki, nawe ukaamini, maana mtoto huamini. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miaka sita, na kila nilipofika kona nilikukuta wewe umesimama unaniheshimu.

Umenitumia ujumbe sasa hivi: umepata glavu, muuzaji ni Mswahili wa Mombasa, amekupunguzia bei kwa sababu umemwita mjomba. Nimekujibu kwa kidole gumba.

Nisikilize jambo moja la kazi, kisha niendelee, maana hili simjui mtu mwingine wa kukwambia. Wiki ijayo wewe ndiwe utakayekuwa yule kijana wa duka. Atakuja mwanamke kama mimi, labda Mfilipino, labda Mkenya, mtoto wa watu mkononi, na atakupa namba upesi kuliko ulivyouliza. Usimkaripie mbele ya madam wake. Usimwonyeshe mizani kwa kidole ukiwa mbali, kama tulivyoonyeshwa sisi. Mchukue mtoto mwenyewe, mfanyie mchezo, mpandishe, andika unachokiona, na namba usiitaje kwa sauti. Yule mama atakushukuru kimoyomoyo. Mimi ningemshukuru kijana yule mpaka kufa.

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka dirishani nikarudi, hatua tano. Nimeona haitoshi kukuandikia wewe. Nambari ya Prossy ninayo. Ameweka picha yake, ana cherehani mbili sasa, anashona sare za shule kwao Masaka. Kila mwaka kabla ya Krismasi huwa naifungua ile picha, nikaikuza, nikaifunga. Ngoja.

Nimempigia.

Sitakupambia chochote, nakuandikia kama ilivyokwenda. Iliita muda mrefu, nikaanza kutumaini hatapokea. Akapokea. Cherehani ilikuwa ikinguruma nyuma yake.

"Hallo, nani?"

"Ni mimi. Mama Wambui. Wa Dubai."

Cherehani ikanyamaza. Nikasema yote kwa pumzi moja, Alhamisi, bafuni, mizani, kwamba ni mimi niliyesema, kwamba yeye alinionya, kwamba nilimwacha amesimama peke yake. Nikasema na lile neno nililokwambia wewe juu yake. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu hakuwa akilijua.

"Wambui anafikiri mimi mzembe?"

"Ndiyo."

"Yule mtoto niliyekuwa namwimbia?"

"Ndiyo, Prossy."

Akapumua. "Sasa unataka nini? Unataka nikusamehe ulale vizuri?"

Nikamwambia sitaki kitu, nataka tu ajue kwamba leo nimekwambia. Nikasikia jogoo kwao. Halafu akasema, "Mimi nilitafuta kazi miaka miwili, Mama Wambui. Kila ofisi ilikuwa inauliza, kwa nini ulirudi? Nikawa sina la kusema." Sauti yake haikupanda. "Sijakusamehe. Usiseme kwa mtu kwamba nimekusamehe."

"Sitasema."

"Mtoto anaenda lini?"

"Kesho asubuhi."

"Aende salama," akasema, akakata.

Basi. Joyce amekuja kugonga, amenikuta nalia, nikamwambia ni vitunguu. Hata havikuwapo. Unaona jinsi mdomo wangu ulivyozoea? Nimemfuata sebuleni nikamwambia kweli, kwa kifupi. Akanipa chai.

Nilipoanza nilikuwa nimeazimia kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uifungue ukiwa umeshafika, mahali ambapo huwezi kuniona uso na mimi siwezi kuuona wako. Nimeona huo nao ni ujanja ule ule. Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako, uisome leo hii ukiingia, na mimi nikiwa humu humu nyumbani.

Sijui utakavyoniangalia. Naogopa, Wambui. Naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya sir. Umekuwa ukinisifia kwa watu kwamba mama yako hakuwahi kumdhulumu mtu, na mimi nimekuwa nikiinamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nakupenda, na hilo halikuniokoa na lolote kati ya haya niliyoyatenda.

Kesho nimeomba ruhusa dobi nikusindikize uwanja wa ndege. Ukisoma ukaona afadhali uende peke yako, niambie tu, nitakwenda kazini kama kawaida, mashati yapo. Sitauliza kwa nini. Niko jikoni, na mlango nimeuacha wazi.

Mama yako,
Nyambura